Gates, Wozniak, Jobs, Kildall au Stallman: umfuate nani ukiwa na programu yako mkononi?

Vijana wetu wa kompyuta wanalelewa kwa visa viwili. Cha kwanza ni cha Bill Gates aliyeacha masomo Harvard akaja kuwa tajiri wa kwanza duniani. Cha pili ni cha Steve Jobs aliyeondolewa kwenye kampuni aliyoianzisha mwenyewe, kisha akarudi na kuipandisha kuliko ilivyowahi kuwa. Wahamasishaji huvisimulia kwenye makongamano, na kila mara kisa huishia kwenye fedha.

Ninayemwandikia hapa ni yule ambaye tayari ana programu inayofanya kazi, pengine ameiandika na wenzake wawili watatu, na sasa anapaswa kuamua: aiuze, aigawe, aifunge, au aingie ubia na kampuni kubwa iliyobisha hodi. Kisa kinachoishia kwenye fedha hakimsaidii. Anachohitaji ni kujua kila mmoja wa waanzilishi wale alitenda nini siku uamuzi ulipokuwa wake, na ni nani aliyenufaika au kuumia.

Msimamo wangu nautanguliza. Katika watano hawa hakuna wa kumfuata mzimamzima. Ila kwa namna ya kuwatendea watu ulioanza nao, Steve Wozniak amewaacha wenzake mbali. Na kwa habari ya mikataba, asiyejifunza kwa Gates ataumia hata kama ana moyo safi.

1976: michoro ya bure na barua ya hasira

Jarida la Marekani la Popular Electronics, toleo la Januari 1975, liliweka jaladani kompyuta iitwayo Altair 8800. Ilikuwa ya kujiundia mwenyewe nyumbani, ikauzwa kwa chini ya dola 400 na kampuni ndogo ya MITS ya Albuquerque, New Mexico. Haikuwa na kibodi wala skrini. Uliipa maagizo kwa kupandisha na kushusha swichi za mbele. Tarehe 5 Machi mwaka huo wapenzi wa mashine za namna hiyo walikutana kwa mara ya kwanza katika banda la gari la Gordon French huko Menlo Park, California. Wakajiita Homebrew Computer Club. Desturi yao ilikuwa nyepesi: ukijua jambo unalisema, ukiwa na mchoro unauonyesha.

Wozniak, mhandisi wa Hewlett-Packard (HP), alitoka kwenye mikutano ile na wazo la kompyuta yake mwenyewe, ambayo baadaye iliitwa Apple I. Alichora, akaunda, kisha akawagawia wenzake michoro yake bure ili kila mwenye uwezo ajiundie. Na rafiki yake Jobs alipoleta wazo la kuiuza, Wozniak alikwenda kwanza kwa mwajiri wake kuwapa nafasi ya kuichukua, maana aliona kwamba mtu anayekula mshahara wao hapaswi kuwazunguka. HP walikataa, zaidi ya mara moja. Ndipo Apple ikaanzishwa, tarehe 1 Aprili 1976. Sifa hii ya Wozniak husimuliwa kwa nadra, nami naiona ni kubwa kuliko ubingwa wake wa kupunguza idadi ya chipu kwenye bodi.

Upande wa pili walikuwepo Gates na Paul Allen, walioandika lugha ya BASIC kwa ajili ya Altair. Utepe wa karatasi uliobeba programu hiyo uliangukia mikononi mwa watu wa Homebrew, ukanakiliwa, nakala zikasambaa. Tarehe 3 Februari 1976 Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi. Alisema chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio walionunua BASIC, kwamba muda wa kompyuta waliotumia kuitengeneza ulizidi thamani ya dola 40,000, na kwamba ukigawanya mapato kwa saa walizofanya kazi hupati hata dola 2 kwa saa. Aliwaambia wazi kuwa wengi wao ni wezi.

Hoja yake ina uzito. Anayeandika programu anakula, analipa kodi ya nyumba, anaumwa. Hapa kwetu, ambako programu za wizi zimeuzwa miaka mingi kwenye sahani za bei ya soda, hoja ile bado ni hai. Lakini kuna jambo ambalo barua haikulitaja. Ule muda wa kompyuta wenye thamani kubwa ulikuwa wa mashine ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyogharimiwa na fedha za ulinzi za serikali ya Marekani. Jasho lilikuwa lao. Mashine ilikuwa ya umma. Anayedai haki yake kwa ukali namna ile anapaswa kutaja pia alichopewa na wengine.

Lililonivutia zaidi katika mzozo ule halimo kwa Gates wala kwa Wozniak. Watu wa People's Computer Company walikuwa wamechapisha maelezo ya jinsi ya kuandika BASIC ndogo, Tiny BASIC, na waandishi kadhaa wakajitokeza kuziandika. Mmoja wao, Tom Pittman, aliiuza ya kwake kwa dola 5. Alifikiri kwamba bei ikiwa ndogo kiasi hicho, watu watalipa kuliko kuhangaika kunakili. Wakalipa, wengine hata wakamtumia fedha baada ya kuwa wamekwisha kunakili. Hii ni njia ya tatu ambayo hotuba za uhamasishaji haziigusi: bei inayomwacha mnunuzi awe mwaminifu. Ukiuza programu ya duka kwa mama mwenye genge, kabla ya kumwita mwizi jiulize kwanza kama bei uliyoweka inamruhusu kuwa mnunuzi.

1980: Kildall, Gates na watu wa IBM

Hapa ndipo wengi hukosea zaidi wanaposimulia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gary Kildall alikuwa mwalimu katika chuo cha jeshi la majini la Marekani huko Monterey, California. Mwaka 1974 aliandika CP/M, mfumo endeshi (programu mama inayoiendesha kompyuta) wa kwanza ulioenea kwenye kompyuta ndogo. Alitenganisha sehemu inayozungumza na vifaa vya mashine fulani, aliyoiita BIOS, na sehemu nyingine zote za mfumo. Kwa sababu hiyo programu moja iliweza kufanya kazi kwenye kompyuta za makampuni mengi tofauti, ilimradi kila kampuni iandike BIOS yake. Soko zima la programu za kununuliwa dukani lilisimama juu ya wazo hilo. Yeye na mkewe Dorothy walianzisha kampuni ya Digital Research katika mji mdogo wa Pacific Grove.

Mwaka 1980 IBM, kampuni kubwa ya kompyuta ya Marekani, iliamua kuingia haraka kwenye soko la kompyuta ndogo. Walimwendea Gates kwa ajili ya lugha za programu. Walipomuuliza kuhusu mfumo endeshi, Gates aliwaelekeza kwa Kildall, na mwenyewe akampigia simu kumwambia kuna wageni wanakuja. Tumpe haki yake hapo: hakuanza kwa hila.

Walipofika Pacific Grove asubuhi, Kildall hakuwepo. Alikuwa amerusha ndege yake ndogo kwenda kwa mteja. Dorothy, aliyekuwa akishughulikia biashara, aliwekewa mezani mkataba wa kutunza siri ulioelemea upande wa IBM tu. Akasita kuusaini, akamwita wakili. Baadaye Kildall alirudi. Nini hasa kilizungumzwa mchana ule, masimulizi ya pande mbili yanagongana mpaka leo. Lililo wazi ni kwamba IBM hawakuondoka na makubaliano.

Kisa kikageuzwa kuwa dhihaka: mtu aliyekwenda kustarehe angani akapoteza bilioni. Kildall alikwenda kazini siku ile, na mke aliyekataa kusaini karatasi asiyoielewa vizuri alifanya kile ambacho wakili yeyote mwangalifu angemshauri. Naumia kila ninaposikia vijana wakifundishwa kuwacheka wale wawili.

IBM walirudi kwa Gates. Mjini Seattle kulikuwa na kampuni ndogo, Seattle Computer Products, ambako Tim Paterson alikuwa ameandika mfumo unaofuata namna CP/M inavyopokea maagizo ya programu. Microsoft, kampuni ya Gates na Allen, walilipa dola 25,000 kwa leseni, na Julai 1981 wakaongeza dola 50,000 wakanunua haki zote. Hawakuwaambia wauzaji kwamba mteja aliye nyuma ya pazia ni IBM. Kisha kwenye mkataba na IBM wakabakiza jambo moja: haki ya kuwauzia mfumo huo watengenezaji wengine pia. Kompyuta ya IBM ilitoka tarehe 12 Agosti 1981. Watengenezaji wengine walipoanza kuiga mashine hiyo, kila mmoja alihitaji mfumo endeshi, na mwenye nao alikuwa mmoja tu.

Kildall alipouona mfumo ule aliona kazi yake ndani yake. Alitishia kwenda mahakamani, IBM wakakubali kuuza na wa kwake pia. Dukani bei zikawa hivi: PC DOS ya Microsoft dola 40, CP/M-86 ya Kildall dola 240. Mnunuzi gani angechukua ya pili?

Ukiyaweka maamuzi haya bega kwa bega, unaona tofauti ambayo si ya akili wala bidii. Kildall aliamini kwamba kazi nzuri itajitetea. Gates alijua kwamba kifungu kimoja cha mkataba kinaweza kuwa na thamani kuliko programu yenyewe. Alikuwa ameijua nguvu hiyo mapema: mwaka 1977, MITS iliponunuliwa na kampuni ya Pertec na ukazuka mgogoro wa nani mwenye BASIC, yeye na Allen walishinda mbele ya msuluhishi kwa sababu mkataba wao uliilazimu MITS kujitahidi kuiuza BASIC kwa wengine, nayo haikufanya hivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Gates alikuwa na daftari.

Ununuzi ule wa Seattle ulikuwa halali. Je, ulikuwa wa haki? Nadhani haukuwa. Kununua kitu kwa dola 75,000 huku ukificha habari pekee ambayo ingembadilishia muuzaji bei ni ujanja, hata kama sheria inauruhusu. Kampuni ile ilikuja kufungua kesi, na mwaka 1986 Microsoft ikaimaliza kwa kulipa dola 925,000.

Yaliyofuata ni mazito zaidi. Microsoft ilikuja kuwatoza watengenezaji ada kwa kila kompyuta waliyoiuza, hata ile iliyowekwa mfumo wa mtu mwingine. Nani angetaka kulipia mifumo miwili kwenye mashine moja? Waliobanwa zaidi na ada hiyo walikuwa DR-DOS, mfumo wa kampuni ya Kildall. Serikali ya Marekani iliilazimisha Microsoft kuacha mtindo huo kwa makubaliano ya mwaka 1994. Toleo la majaribio la Windows 3.1 pia liliwekwa msimbo uliotoa ujumbe wa hitilafu pale lilipogundua kuwa linaendeshwa juu ya DR-DOS. Hapo tumeshatoka kwenye ujanja wa mikataba. Hapo ni kumwekea mwenzako mwiba njiani. Mwaka 1998 serikali ilifungua kesi kubwa kuhusu kivinjari kilichobandikwa kwenye Windows, na Jaji Thomas Penfield Jackson akaamuru kampuni igawanywe sehemu mbili. Mahakama ya rufaa ilitengua amri ya kugawanya mwaka 2001, lakini iliacha palepale uamuzi kwamba kampuni ilitumia ukiritimba wake kinyume cha sheria.

Kildall alifariki Julai 1994 mjini Monterey akiwa na miaka 52. Taasisi ya wahandisi wa umeme, IEEE, iliweka bamba la kumbukumbu ya CP/M Pacific Grove mwaka 2014, miaka 20 baada ya kifo chake.

Wenzako ulioanza nao

Kwa kigezo hiki ulinganisho ni mfupi kwa sababu hauna utata.

Kabla ya Apple, mwaka 1975, Jobs alipewa na kampuni ya Atari kazi ya kuunda mchezo wa Breakout. Mwenye kuiweza alikuwa Wozniak, akaifanya kwa siku chache bila usingizi wa maana. Jobs alimwambia malipo ni dola 700, wagawane nusu kwa nusu. Kwa simulizi ya Wozniak mwenyewe, miaka mingi baadaye aligundua kuwa Atari walilipa maelfu ya dola. Alisema kilichomuuma si fedha. Kama angeambiwa Jobs ana shida nazo, angemwachia zote.

Apple ilipoingia soko la hisa tarehe 12 Desemba 1980, mamia ya watu walikuwa matajiri kwa usiku mmoja, na baadhi ya waliokuwepo tangu mwanzo hawakupata kitu. Miongoni mwao alikuwa Daniel Kottke, rafiki wa Jobs tangu chuoni, aliyesafiri naye hadi India. Jobs alikataa kumpa hisa hata moja. Wozniak alichota katika hisa zake: wengine akawagawia, na kwa wafanyakazi kadhaa wa kawaida akaziuza kwa bei ya chini ili nao wafaidi. Hakulazimishwa na mtu.

Binti wa Jobs, Lisa, alizaliwa Mei 1978. Jobs alikana kuwa ni wake, mpaka vipimo na mahakama vilipomlazimisha kutoa matunzo. Baadaye walipatana, na haki ya kusamehe au kutosamehe ni ya Lisa peke yake. Nalitaja kwa sababu wapo wanaosema ukali wa Jobs ndio uliozaa bidhaa bora, kana kwamba kumkana mtoto ni sehemu ya ubunifu. Michoro ya Apple II, kompyuta iliyoifuata Apple I, ilitoka kwa mtu mpole, Wozniak.

Gates naye hakutoka safi hapa. Paul Allen ameeleza kwamba mwishoni mwa 1982, wakati akitibiwa saratani, aliwasikia Gates na mfanyakazi mwenzao Steve Ballmer wakizungumza jinsi ya kupunguza hisa zake. Tangu awali mgawanyo wao ulikuwa 60 kwa 40, kisha ukawa 64 kwa 36, kila mara Gates akivuta kwake.

Kama mna kampuni ya watu watatu, gawaneni hisa kwa maandishi leo, kabla haijawa na thamani. Urafiki wa Kottke na Jobs ulikuwa wa kweli, na haukumsaidia.

Mashine inayofunguka na iliyofungwa

Jobs anastahili pongezi ambazo wapinzani wake hawampi. Alidai kompyuta ieleweke na mtu asiyejua chochote. Desemba 1979 aliona madirisha na kipanya katika maabara ya kampuni ya Xerox iitwayo PARC, na hakuiba kama inavyosemwa mitaani. Xerox waliruhusiwa kununua hisa 100,000 za Apple kwa dola milioni 1 kabla kampuni haijaingia sokoni, nao wakafungua milango. Kilichotoka mwisho, Macintosh ya Januari 1984, ndicho kilichowafundisha watengenezaji wengine kwamba mtumiaji hana kosa anapochanganyikiwa. Na mwaka 2009, akiwa bado ndiye mkuu, iPhone 3GS ilitoka na kisoma-skrini ndani yake bila malipo ya ziada. Kwa mtu asiyeona, ambaye awali alilazimika kununua programu ya gharama kubwa ili tu atumie simu, huo ulikuwa uamuzi wa utu.

Lakini Apple II ya 1977 ilikuwa na nafasi nane za kuchomeka kadi za ziada, kwa sababu Wozniak alisimama kidete. Jobs alitaka mbili tu. Nafasi zile ziliwapa mamia ya watu wengine biashara. Macintosh ilipokuja, ilikuwa imefungwa hata kifuniko chake kilihitaji bisibisi maalumu. Tangu hapo mwelekeo ni huohuo, na fundi simu wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anayepambana na betri iliyogandishwa kwa gundi anaushughulikia uamuzi huo kila siku. Kwa nchi ambako kifaa kimoja hupita mikononi mwa watu watatu kabla hakijafa, nachagua njia ya Wozniak bila kusita.

Stallman na waliomfuata

Richard Stallman alikuwa katika maabara ya akili bandia ya MIT. Walikuwa na printa ya leza kutoka Xerox iliyokwamakwama. Alitaka kubadilisha programu yake iwajulishe watu karatasi ikikwama. Aliyekuwa na msimbo alikataa kumpa, kwa kuwa alikuwa amesaini mkataba wa kutunza siri. Karatasi ya namna ileile iliyomsitisha Dorothy ndiyo iliyomfanya Stallman achague njia. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU wa programu huria, na Januari 1984 akaacha kazi MIT ili chuo kisije kudai umiliki wa atakachoandika.

Leseni yake, GPL, iliyotoka 1989, inaruhusu mtu yeyote kutumia programu, kuisoma, kuibadilisha na hata kuiuza, kwa sharti moja: ukiisambaza, mpe mwingine haki zilezile ulizopewa. Wengi wanadhani huria maana yake ni kufanya kazi bure. Stallman mwenyewe aliuza kanda za programu yake ya Emacs kwa dola 150 moja. Alichozuia ni kumfungia mtu mlango.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza Linux, kiini cha mfumo endeshi, Agosti 1991 akiwa na masharti yaliyokataza biashara. Mwaka 1992 akahamia GPL, na hapo kampuni na watu binafsi wakaweza kujenga juu yake. Simu ya Android uliyoshika ina Linux ndani.

Kwa Kiswahili matunda yake yalionekana mapema. Desemba 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Uswidi IT+46 katika mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa Redmond kwa Microsoft wala Cupertino kwa Apple. Msimbo ulikuwa wazi, wakafasiri. Microsoft nayo ilikuja kutoa Kiswahili kwenye Windows na Office, na hilo ni jema, lakini uamuzi ulikuwa wao na si wetu.

Stallman kama mtu ana dosari zake, na mwaka 2019 alijiuzulu nafasi aliyobaki nayo MIT na kwenye taasisi yake ya Free Software Foundation baada ya matamshi yake kuhusu kesi ya unyanyasaji wa kingono kuwaudhi wengi; mwaka 2021 akarudi kwenye bodi ya taasisi hiyo. Leseni ina faida hiyo: unaweza kuitumia bila kumwiga mwandishi wake.

Utajiri ukishapatikana

Gates na aliyekuwa mkewe Melinda wameelekeza mabilioni kwenye afya. Bagamoyo, kupitia Taasisi ya Afya ya Ifakara, palikuwa miongoni mwa mahali palipojaribiwa chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo utafiti wake ulisaidiwa na fedha za mfuko wao. Kenya ilikuwa kati ya nchi tatu za kwanza kuianza kwa majaribio mwaka 2019. Mei 2025 Gates alitangaza kwamba atatoa karibu mali yake yote na kuufunga mfuko ifikapo 2045. Mtoto aliyepona Bagamoyo hajali DR-DOS, na mimi sitamwambia ajali. Hata hivyo wema ule haumrudishii Kildall soko lake. Ni hesabu mbili, na kila moja inasimama peke yake.

Jobs hakuacha rekodi ya namna hiyo hadharani. Kinachokumbukwa zaidi kwa upande wa wafanyakazi ni yale makubaliano ya siri na makampuni mengine ya kutochukuliana wahandisi, yaliyowashusha mishahara. Apple, Google, Intel na Adobe zililipa dola milioni 415 kuyamaliza mwaka 2015.

Ed Roberts, mwenye MITS, yule aliyewapa Gates na Allen mteja wa kwanza, aliuza kampuni yake 1977, akasomea udaktari, akamaliza 1986 akiwa na zaidi ya miaka 40, akatibu watu wa mji mdogo wa Cochran, Georgia hadi uzeeni. Hakuna anayemsimulia kwenye makongamano.

Sasa uchague

Kama unauza programu kwa wafanyabiashara wadogo, mfuate Pittman kwenye bei na Gates kwenye umiliki. Usiuze haki zote kwa malipo ya mkupuo. Uza leseni, ubaki na ruhusa ya kuwauzia wengine.

Kama kampuni kubwa imekuletea mkataba wa kutunza siri, fanya alichofanya Dorothy, mwite wakili. Lakini mtangulie: uwe na wakili unayemjua kabla wageni hawajafika, na uliza wazi bidhaa yako inakwenda kwa nani.

Kama wewe ndiye mkubwa unayenunua kwa mdogo, mwambie muuzaji mteja wako ni nani. Utalipa zaidi. Lipa.

Kama unaunda kifaa, acha nafasi za Wozniak na skrubu ambazo fundi yeyote anaweza kuzifungua, kisha weka subira ya Jobs kwenye kile anachokiona mtumiaji.

Na kama kazi yako imegharimiwa na chuo, serikali au wafadhili, naona huna haki ya kuifunga. Itoe kwa GPL, uiweke mahali ambapo mwanafunzi wa Mwanza, Kisumu au Bukavu anaweza kuipakua, na kwenye faili la kwanza kabisa andika majina ya wote walioshiriki, pamoja na yule aliyeondoka kabla haijakamilika.